Boksi Lililokataliwa

Bathsheba aliacha kula kwa Drusilla mwezi mmoja baada ya kumzika mtoto wake wa kiume. Hakugombana naye wala hakumtupia neno. Jioni moja Drusilla alimpelekea ugali wa wimbi na mboga ya chinsaga, kama alivyozoea kufanya tangu siku za matanga, akamkuta ameketi mlangoni na Marion, bintiye wa miaka minne. Jiko lilikuwa baridi, na mtoto alikuwa anaitazama sahani. Bathsheba akasema, "Sisi tumeshiba, Mama Joash."

Tumeshiba! Mgeni angechukua sahani yake akaenda zake akidhani amejibiwa kwa adabu. Drusilla alizaliwa Suneka akaolewa Nyakoe, na pande zote mbili neno hilo lina maana moja. Ukikataa chakula cha mkono wa mtu huku tumbo lako linanguruma, umemwita mchawi, omorogi, bila kulitamka neno lenyewe. Alirudi kwake ameishika sahani kwa mikono miwili.

Wanawake hao wawili walikuwa wameolewa na ndugu wawili, katika boma moja. Ogari, mume wa Drusilla, alifanya kazi kwenye mashamba ya chai huko Kericho; Walter, mume wa Bathsheba, alikuwa karani Kisumu. Waliobaki nyumbani ni wao, watoto wao, na mama mkwe wao Bitutu, mjane ambaye macho yake hayakupitwa na kitu. Mambo makubwa ya boma yaliamuliwa na Nyangau, ndugu ya marehemu baba mkwe, mzee aliyekuwa askari wa chifu enzi za mkoloni na ambaye hajakubali hadi leo kwamba enzi hizo zilikwisha.

Drusilla aliogopa, na alijua sawasawa anachokiogopa. Miaka miwili nyuma, akipalilia mahindi, aliona moshi kwenye kilima cha ng'ambo ya mto. Akadhani watu wanachoma magugu. Jioni akaambiwa kwamba ilikuwa nyumba ya mjane mmoja aliyeitwa omorogi, na mjane mwenyewe alikuwemo ndani. Mwenye bahati hufukuzwa tu, akarudi kwao na nguo alizovaa. Watoto hawaendi naye. Ng'ombe wa mahari walishalipwa, na watoto ni wa ukoo. Drusilla alikuwa na watoto watatu. Tangu siku ya sahani, kila mbwa wa jirani alipobweka aliamka akawahesabu.

Na watu walikuwa wameanza. Kisimani mazungumzo yalikatika alipofika. Mwanamke mmoja akasema kwa sauti ya kusikika kwamba kikulacho ki nguoni mwako, kisha akajitwika mtungi wake. Lisemwalo lipo, wanasema, na kama halipo laja. Drusilla alijiuliza laja lini.

Hapo ndipo Mzungu alipokuja na sabuni zake.

Ulikuwa mwaka wa sabini na sita, mvua ndefu zikiwa zimemalizika. Mzungu mwenyewe alikuwa mwalimu wa chuo kikuu cha ng'ambo, mrefu, mpole, mwenye suruali fupi na daftari. Msaidizi wake Cleophas alikuwa mwana wa hapo hapo Nyakoe, aliyekuwa akisoma chuo Nairobi. Naibu wa chifu aliandikisha akina mama arobaini, na orodha ya naibu wa chifu haikataliwi na mtu mwenye akili timamu. Jumanne asubuhi wakakusanyika wote kwenye uwanja wa shule ya kanisa, Drusilla na Bathsheba wakiwemo, wameketi mbalimbali.

"Akina mama, hii ni mchezo," Cleophas akawaambia. "Si kodi, si mtihani. Mtaingia darasani mmoja mmoja. Nusu yenu mtakuta boksi liko na sabuni kumi. Chukua zile unataka, mwachie mwenzako zile unataka. Nusu ingine mtakuta boksi ambalo mwenzenu ameshagawa. Ukilikubali, wewe unapata zako na yeye anapata zake. Ukilikataa, nyinyi wote wawili mnakosa. Hutajua ni nani amekugawia, na yeye hatajua alimgawia nani. Siri kabisa. Ukimaliza unatokea mlango wa nyuma, unaenda nyumbani, na Ijumaa mnakuja kuchukua vitu vyenu."

Sabuni zenyewe aliziinua juu wazione. Zilikuwa za kuogea, zimefungwa kwa karatasi ya kijani, na harufu yake ilifika hadi kwa waliokaa nyuma.

Katika vitabu vya Mzungu ilikuwa imeandikwa kwamba mtu mwenye akili atajichukulia tisa amwachie mwenzake moja, na mwenzake ataipokea hiyo moja kwa furaha, kwa kuwa moja ni bora kuliko kukosa. Mzungu alikuwa amekuja kuona kama ndivyo ilivyo. Aliyeandika kitabu hicho, nadhani, hakuwahi kuishi na mama mkwe.

Akina mama walimaliza jambo hilo pale pale kwenye nyasi, kabla hata jina la kwanza halijaitwa. Bonareri, mkunga aliyezalisha nusu ya Nyakoe, ndiye aliyelisema. "Tano-tano. Nani anataka maneno? Nusu shari kuliko shari kamili."

"Tano-tano," wakaitikia.

"Na yule ambaye atakataliwa?" akauliza mmoja.

Walikuwa wamesikia maneno ya Cleophas vizuri kuliko alivyojisikia mwenyewe. Mtu anagawa kitu kwa mkono wake, na mwingine anakikataa. Mchezo! Wazee wao waliufahamu mchezo huo kabla Mzungu hajazaliwa, na haukuwa mchezo.

"Hakuna wa kukataliwa," Bonareri akasema. "Mbona mtu akatae tano?" Akasema hivyo, lakini wawili watatu waligeuza macho wakamtazama Drusilla, kisha wakayarudisha haraka.

Jina lake liliitwa karibu na saa sita. Darasani kulikuwa na meza moja, pazia, na boksi la kadibodi. Mzungu alikaa pembeni na daftari lake. Cleophas akamfunulia boksi: sabuni kumi. Kumbe yeye alikuwa katika wagawaji.

"Gawa, mama. Usiogope."

Alitoa tano, akaziweka upande. Akaziangalia tano zilizobaki ndani. Mama mwingine yeyote angeondoka hapo akaenda kupika. Lakini tano zilizoguswa na mkono wake, je, zingekubaliwa? Atakayelifungua hilo boksi hatajua limetoka kwa nani. Hayo alikuwa ameambiwa, na aliyaelewa. Ila mtu aliyeshukiwa miezi mitatu mfululizo huanza kujishuku mwenyewe. Ugali wake ulikuwa na kasoro gani? Haukuwa na kasoro, na ukakataliwa. Huenda kuna kitu watu hukisikia wakigusa alichokigusa. Na kama atakayefungua ni Bathsheba? Bathsheba alikuwa bado nje, kwenye nyasi.

Akarudisha moja ndani. Sita. Akarudisha nyingine. Akawaza hivi: mtu hukataa mgao kwa sababu mgawaji amejipendelea. Asiyejichukulia chochote, atalaumiwa kwa lipi? Akazirudisha zote, moja moja, akifuta kila karatasi kwa upindo wa leso yake, kisha akafunika boksi.

Cleophas akamtazama. "Zote kumi?"

"Zote."

"Wewe hutaki kitu?"

"Nataka akubali," Drusilla akasema, na akatokea mlango wa nyuma.

Siku tatu alizimaliza hivyo hivyo, akipika bila kuonja. Ijumaa akarudi shuleni. Mzungu, kwa kutunza siri, alikuwa ametayarisha mifuko arobaini ya karatasi, yote imefungwa kwa pini, ili asiyepata kitu asijulikane. Ndani ya mifuko ya waliokosa alitia magazeti yaliyokunjwa. Alifikiria kila kitu, yule bwana, isipokuwa kwamba mfuko wa karatasi haufiki nyumbani Nyakoe ukiwa umefungwa. Hatua ishirini kutoka mlango wa nyuma akina mama walikuwa wameketi kando ya ua wa shule, wanafungua, wanahesabu tano zao, wanacheka na kunusa.

Drusilla aliambiwa mle ndani. "Mama, bahati mbaya," Cleophas akasema kwa sauti ya chini. "Yule mwenzako alilikataa."

Mzungu akasema kitu kwa Kiingereza. Alikuwa anatabasamu, kalamu mkononi, amefurahi kweli kweli, kama mtu aliyeokota kito njiani. "Anasema ni wewe peke yako ulitoa zote," Cleophas akatafsiri, "na ni boksi lako peke yake lilikataliwa. Anataka kujua kwa nini ulifanya hivyo."

Peke yake. Drusilla alichukua mfuko wake wa magazeti, na badala ya kupita penye ua akateremka kwenye migomba ya kanisa, akazunguka kwa njia ya mto, huku amekumbatia mfuko kifuani ili wa mbali wadhani una kitu.

Sabato kanisa zima lilinukia sabuni moja. Ungefumba macho ungedhani umeingia duka la Mhindi. Drusilla alikaa kiti cha mwisho, akijisikia harufu ya moshi wa jiko lake mwenyewe, na hakusikia hata neno moja la mahubiri. Baada ya ibada Cleophas, aliyeapa kutunza siri, aliulizwa na watu walivyocheza. Hakutaja jina la mtu. Alisema tu kwamba akina mama wa Nyakoe ni watu wa haki, maboksi kumi na tisa yamekubaliwa na moja tu ndilo lililokataliwa. Alilisema kwa kujivunia. Msomi naye, akiwa na akili nyingi, husahau alikozaliwa.

Watu walianza kuhesabu kabla hawajafika barabarani. Boksi moja likikataliwa, wanawake wawili wamekosa. Mmoja amekataa, mwingine amekataliwa. Ni akina nani?

Jumapili asubuhi na mapema Drusilla alijitwika mkungu wa ndizi akaenda Kisii kwa miguu. Aliuza, akazunguka madukani mpaka akapata sabuni za kuogea. Za karatasi ya kijani hazikuwepo. Alipata nyeupe kama zile, lakini karatasi yake ilikuwa ya manjano. Akanunua tano. Kabla ya kufika Nyakoe aliingia kichakani akazivua karatasi zote akazifukia, akafika nyumbani na sabuni tano tupu ndani ya kikapu. Njia nzima alikuwa anasali, na sala yenyewe ilikuwa neno moja tu, jina la Mungu: Nyasae, Nyasae.

Jumatatu alikwenda mtoni kufua. Alimkuta Bathsheba yuko huko peke yake, anamwogesha Marion juu ya jiwe. Kila mmoja alimwona mwenzake akiwa amechelewa kugeuka. Povu lilikuwa limemjaa mtoto kichwani. Na mkononi mwa Bathsheba kulikuwa na sabuni nyeupe, mpya, isiyo na karatasi.

Drusilla akaitazama. Katika kila nyumba nyingine watoto walikuwa wamebandika zile karatasi za kijani ukutani. Akina mama walitoa sabuni moja wakaziacha nne ndani ya karatasi zake, kwa kuonyesha wageni. Nani angevua sabuni mpya yote? Ni yule tu ambaye karatasi yake haikuwa ya kijani. Macho ya Bathsheba nayo yalikuwa yameshatua kwenye beseni la Drusilla, ambamo sabuni ilikuwa tupu vile vile.

"Ulinunua wapi?" Bathsheba akauliza, pole pole.

"Kisii. Na wewe?"

"Suneka."

Maji yalipita. Marion akalia kwamba povu limemwingia machoni, mama yake akamwosha uso.

"Kwa hivyo ni wewe," Bathsheba akasema. "Ni wewe ulitoa zote kumi."

"Ni mimi."

"Kwa nini, Mama Joash?"

"Niliogopa utakataa."

Bathsheba akakaa kwenye jiwe. Alikaa kama mtu aliyetua mzigo ambao amesahau aliubeba tangu lini. "Na mimi niliogopa," akasema. "Wenzangu wote wangekuta tano. Mimi nafungua nakuta kumi. Nikasema, mtu gani anakupa vyote na yeye habaki na kitu? Anataka nini kwangu? Nimebaki na mtoto mmoja. Nilisukuma hilo boksi mpaka likaanguka." Akamfuta Marion povu sikioni. "Kama ungeweka tano ningechukua."

Walikaa hapo muda mrefu, wawili hao waliokuwa hawajazungumza miezi mitatu, na hofu iliyowatenganisha sasa ikawaweka jiwe moja. Walijua wamo hatarini wote wawili. Watu wangewapata, ilikuwa suala la siku tu. Wakishapatikana wangeulizwa nani alikataliwa, na hakuna mwingine hapo Nyakoe, ukimtoa Cleophas na kiapo chake, aliyejua nani aligawa na nani alifungua. Kila mmoja angeweza kumwonyesha mwenzake kidole. Atakayeonyeshwa ndiye omorogi.

"Tutasema tano-tano," Bathsheba akasema. "Karatasi tulichoma jikoni. Wote wawili neno moja."

"Neno moja," Drusilla akasema.

"Ukishikilia na mimi nikishikilia, hakuna wa kututoa hapo."

Walishikana mikono, yote minne ikiwa na povu. Drusilla alipanda kutoka mtoni akiwa mwepesi. Usiku huo mbwa walibweka na hakuamka.

Jumatano, jua likianza kuteremka, alisikia fimbo ya Nyangau uani. Bitutu alikuwa naye. Mama mkwe alikuwa ameshaingia kila nyumba kwa kisingizio cha kuazima chumvi, na hakuona karatasi ya kijani kwa mkaza mwana hata mmoja. Nyumba thelathini na nane zilikuwa zimehesabiwa. Mbili zilizokosekana zilikuwa za boma lake.

Mzee wa daraja la baba mkwe haingii katika nyumba ya mke wa mwanawe, wala mke huyo hamtazami usoni. Ndiyo heshima yetu. Kwa hiyo Nyangau aliketi kwenye kigoda nje ya jiko la Drusilla, akamwelekezea ukuta mgongo, na Drusilla akabaki ndani, gizani, amesimama karibu na mafiga. Kulikuwa na udongo wa shubiri moja kati yao. Hakuiona sura yake. Alisikia sauti tu.

"Mama Joash."

"Ee, baba."

"Nimetoka mbali na mambo haya. Nimehoji wezi, nimehoji wauaji. Sitaki kelele." Akakohoa. "Mwenzako ameshasema."

Drusilla akasukuma ukuni ndani ya mafiga.

"Amesema yote. Ni nani aligawa, ni nani alikataa. Amekutaja. Mimi sijaamini bado, ndiyo maana nimekuja nisikie kwa mdomo wako, kabla vijana hawajafika. Vijana wa siku hizi hawaulizi kama mimi."

Ameshasema. Drusilla aliiona tena mikono yenye povu. Kisha akaona sahani ya ugali, na Bathsheba anasema tumeshiba. Mwanamke huyo alimkataa mara ya kwanza akijua ni nani, mara ya pili bila kujua. Mara ya tatu ingemshinda nini? Na angekosa nini kwa kusema? Ndiye aliyefiwa. Wangemwamini yeye. Nje, Joash na wadogo zake walikuwa wanacheza na tairi bovu, wakipiga kelele, na Drusilla akanusa moshi. Ulikuwa moshi wa jiko lake, alijua hivyo, na bado alikiona kilima kile cha ng'ambo ya mto.

"Mama Joash, nakungoja."

"Si mimi," akasema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Aliyekataliwa ni yeye. Mimi ndiye nilikataa boksi lake."

"Ulikataa kwa nini?"

"Lilikuwa na zote kumi." Maneno yalikuja yenyewe, yamepangwa vizuri, hata hakuyatafuta. "Hakujiachia hata moja. Mtu gani anakupa vyote na yeye habaki na kitu? Niliogopa. Nina watoto."

Bitutu akavuta pumzi kwa nguvu. Kigoda kikalia, na fimbo ya Nyangau ikaanza kwenda, taratibu, ikavuka uwanja kuelekea nyumba ya Bathsheba.

Drusilla aliisikiliza ikienda. Kisha akasikia mzee anabisha hodi, na Bathsheba anatoka.

"Mama Marion, umeshindaje?"

"Nimeshinda salama, baba. Sijakuona siku nyingi. Karibu kigoda."

Sijakuona siku nyingi. Drusilla akashika ukuta. Mzee alikuwa hajafika huko. Alikuja kwake kwanza. Alimtega kwa uongo mtupu, uongo wa askari, ambao hata mwizi wa kuku angeukwepa.

Akasikia swali likiulizwa, lile lile, kwa maneno yale yale: mwenzako ameshasema. Na akasikia sauti ya Bathsheba, haina haraka, inavuka uwanja wote. "Kama amesema, basi amesema tano-tano, baba. Ndivyo tulivyopata. Karatasi tulichoma jikoni."

Nafasi ya kutoka mbio akapiga kelele ilikuwepo. Mlango ulikuwa wazi. Hatua thelathini tu. Alijiambia atatoka, akajiambia hivyo mara nyingi, mpaka Nyangau alipomaliza kumweleza Bathsheba yale yaliyosemwa jikoni, hata lile la mtu kutoa vyote asibaki na kitu. Ndipo Bathsheba akausema ukweli, kwamba yeye ndiye aliyekataa na Drusilla ndiye aliyekataliwa; lakini alikuwa ameshasema tano-tano, na Nyangau, ambaye maishani mwake hakuwahi kuhitaji zaidi ya hapo, akasema kwamba abadilishaye maneno ndiye mwongo. Mchawi aliyeanza na mtoto wake mwenyewe, akasema. Bitutu akaanza kulia.

Ni Bitutu aliyemwokoa roho. Alimsihi shemeji yake asiwaite vijana, akaahidi kwamba mkaza mwana wake ataondoka asubuhi, kabla barabara haijajaa, arudi kwao Nyamira. Marion atabaki. Walter ataandikiwa barua.

Na Marion angelelewa na nani? Bitutu alikuwa mzee. Nyumba nyingine yenye mama ilikuwa moja tu.

Asubuhi umande ukiwa bado kwenye majani, Bathsheba alitoka na furushi moja. Drusilla alikuwa ameitwa asimame langoni ampokee mtoto. Hakuweza kuinua macho. Aliona miguu ya Bathsheba inakuja, na miguu midogo kando yake, ikasimama mbele yake. Alingoja kutemewa mate. Alitamani kutemewa mate.

Bathsheba aliushika mkono wa Marion akauweka mkononi mwa Drusilla, akaufumba kwa vidole vyake.

"Mama Joash," akasema kwa sauti ya chini, "huyu akishikwa na homa, usingoje kuona kama itashuka. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, hata kwa kumbeba. Yule mwingine mimi nilingoja."

Drusilla alifungua mdomo. Bitutu alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake, na Nyangau juu kidogo, ameegemea fimbo, wanasikiliza.

"Nimesikia, Mama Marion," akasema.